Kurudi kwenye swala tano ukiwa umeziacha miaka: mwongozo wa hatua kwa hatua

Huu mwongozo nimeuandika kwa mtu wa aina moja hivi. Yule aliyesoma madrasa utotoni, Fatiha anaijua, akisikia adhana ya magharibi anapunguza redio kwa adabu halafu anaendelea na shughuli zake. Ijumaa yupo, Ramadhani yupo, Idi ndo usiseme, kanzu imepigwa pasi na yuko safu ya mbele. Swala tano sasa, hapo ndo pana mushkeli. Namjua vizuri huyu mtu maana nimekuwa yeye miaka saba, nauza vifaa vya ujenzi hapa Dar, na kila Ramadhani nilikuwa najiapiza kwamba safari hii siachi, ikifika Mfungo Tatu nishaacha zamani.

Nafuata njia ya Kishafii kwa sababu ndo tuliyofundishwa wengi wetu huku pwani. Kama wewe unafuata nyingine, vitu vidogovidogo vitatofautiana, muulize shehe wako.

Kabla ya hatua yoyote: acha kusubiri hamu

Kilichonikwamisha mimi miaka yote si uvivu tu, ni kwamba nilikuwa nasubiri moyo ukae sawa kwanza. Nilidhani imani inajaa halafu ndo mtu anaswali. Maalim mmoja wa mtaani kwetu akaniuliza, we kodi ya pango unalipa ukijisikia? Nikasema hapana bana, kodi ina tarehe yake. Akanijibu na swala ina saa zake, akanyamaza, akaendelea kunywa kahawa yake.

Na kweli Qurani ndivyo inavyosema, Suratun Nisaa aya ya 103, kwamba swala kwa waumini ni faradhi iliyowekewa nyakati. Ukikumbuka pia kisa cha Miraji, zilianza swala hamsini, Nabii Musa akamwambia Mtume rudi kwa Mola wako ukaombe nafuu, umati wako hautaziweza, akarudi na kurudi mpaka zikabaki tano zenye thawabu za hamsini. Angalia yale mazungumzo yote yalihusu kuweza, hakuna aliyeulizia watu watajisikiaje. Kwa hiyo kama unaziweza, na tano unaziweza, simama uswali hata kama moyo mkavu kama kigae. Huko kusimama na moyo mkavu ndo utii wenyewe, na ile ladha watu wanayoisimulia mimi ilinijia baadaye sana, tena haiji kila siku.

Hatua ya 1: Anza na swala inayofuata

Sio Jumatatu, sio mwezi ukiandama, sio ukimaliza kujenga. Ukiwa unasoma hii saa nane mchana basi swala yako ya kwanza ni Adhuhuri ya leo, muda bado upo. Ukijiwekea tarehe ya kuanza ujue ushajipa ruhusa ya kuacha mpaka tarehe hiyo.

Na usianze na moja moja ukasema nitaongeza taratibu. Najua kuna wanaoshauri hivyo, wiki hii Magharibi, wiki ijayo uongeze Isha. Mimi nilijaribu, nikazoea kuwa mtu wa swala mbili. Faradhi anza nazo zote tano, ila za sunna ziache kwanza usijitwishe, utaziongeza mguu ukishakaa sawa. Mtume alisema amali inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu hata kama ni ndogo.

Halafu kama una janaba, oga kwanza. Inaonekana jambo la wazi, lakini nimekutana na mtu mzima anarudi kwenye swala ana haraka ya udhu na josho hajaoga.

Hatua ya 2: Zijue saa zako

Sisi tulioko karibu na Ikweta tumepewa raha moja ambayo jamaa zetu walioko Ulaya hawana, saa za swala hazihamihami sana. Kwa Dar, Alfajiri inaingia kwenye saa 11 hivi na inakwisha jua likichomoza, ambalo mwaka mzima huchomoza saa 12 hivi mpaka 12:40. Adhuhuri kati ya saa 6:10 na 6:40 mchana. Alasiri saa 9:10 hivi mpaka karibu na saa 10. Magharibi kuanzia saa 12:10 mpaka 12:50 jioni kulingana na mwezi, na Isha saa moja na kitu mpaka karibu na saa mbili. Ukizishika hizo kichwani hata simu ikizima chaji hupotei.

Ukiweka apu ya nyakati za swala ingia kwenye mipangilio uangalie Alasiri imewekwa kwa hesabu ipi. Nyingine zinakuja na hesabu ya Kihanafi ambayo inachelewa, badili iwe ya Kishafii. Mimi nilikaa mwezi mzima nashangaa kwa nini msikiti wanatoka mimi simu ndo inaadhini.

Magharibi iogope. Ndo yenye muda mfupi na ndo inakukuta kwenye foleni ya barabarani.

Hatua ya 3: Kibla

Kwa Dar, Tanga, Zanzibar na Mombasa kibla ni rahisi, ni kaskazini, kwa sababu tuko karibu mstari mmoja wa longitudo na Makka. Ukienda Kigoma au Bujumbura inabaki kaskazini lakini imelalia mashariki kidogo. Ndugu zetu walioko Maskati wao wanaelekea magharibi. Tena wazee wetu wa pwani hili la kibla wanalo siku nyingi sana, mihirabu ya msikiti wa Kizimkazi Unguja ina maandishi ya Kikufi yenye mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107.

Dira ya simu usiiamini ukiwa karibu na chuma. Mimi naswali stoo, nondo upande huu mabati upande ule, simu ikawa inanielekeza Pugu. Njia ya uhakika haina hata bando: tarehe 27 au 28 Mei saa 6 na dakika 18 mchana, na tarehe 15 au 16 Julai saa 6 na dakika 27, jua linakuwa juu ya Kaaba kabisa, na saa za Makka na za Afrika Mashariki ni zilezile. Simamisha fimbo wima uani, tazama kivuli, kibla ni upande wa pili wa kivuli, kule liliko jua. Piga alama ukutani, umemaliza maisha yako yote kwenye nyumba hiyo.

Hatua ya 4: Udhu

Faradhi zake sita: nia wakati unaanza kuosha uso, kuosha uso wote, mikono mpaka na viwiko, kupaka maji sehemu ya kichwa, miguu mpaka na vifundo, na kwenda kwa mpangilio huo. Kusukutua, kupandisha maji puani, masikio na kurudia mara tatu ni sunna, nzuri, usiziache maji yakiwepo.

Makosa yako hapa. Kisigino, watu wanakirukia. Viwiko, mtu kakunja shati nusu. Rangi ya kucha, gundi, saruji iliyokauka, rangi ya mafuta, vyote vinazuia maji, na mafundi wateja wangu hili linawahusu sana, kaa na kitambaa cha tina kwenye mkoba. Hina haina shida maana ni rangi tu haina ngozi juu yake.

Kinachouvunja ni chochote kinachotoka njia mbili, usingizi wa kulala (si wa kusinzia umekaa umetulia kitako), kupotewa na akili, kugusa utupu kwa kiganja, na kwetu Mashafii ngozi kugusana na mtu wa jinsia nyingine asiye maharimu wako (yaani ndugu usiyeweza kuoana naye), kwa hiyo mkeo au mumeo naye yumo. Kwa hiyo udhu uliotia Mbagala halafu ukapanda daladala la saa 12 jioni, mpaka unashuka Kariakoo usiuhesabie. Beba chupa ya maji. Lita moja inatosha udhu kamili ukitumia kwa adabu, Mtume alikuwa anatawadha kwa kibaba kimoja tu, haifiki lita.

Hatua ya 5: Swala yenyewe

Rakaa unazijua, mbili, nne, nne, tatu, nne, jumla 17 kwa siku. Ambacho watu tuliopotea miaka tunakuwa tumesahau si hesabu, ni utulivu. Kuna hadithi ya bwana mmoja aliingia msikitini akaswali mbiombio, akaja kumsalimia Mtume, akaambiwa rudi ukaswali kwani hujaswali. Akarudi, akaja tena, akaambiwa vilevile, mara tatu, mpaka akasema sijui zaidi ya hivi, nifundishe. Na akafundishwa: rukuu mpaka utulie umerukuu, inuka mpaka ulingane sawa, sujudu mpaka utulie umesujudu, kaa mpaka utulie umekaa. Yule bwana ni mimi kwa kweli. Nilikuwa nadonoa kama kuku.

Kipimo changu: kwenye rukuu sema Subhana Rabbiyal Adhim wa bihamdih mara tatu, ila anza kuhesabu mgongo ukishatulia, sio ukiwa njiani unainama. Kwenye sijida hivyohivyo na Subhana Rabbiyal A'laa wa bihamdih. Paji la uso liguse chini, viganja, magoti, na matumbo ya vidole vya miguu, sio ncha.

Fatiha ni nguzo katika kila rakaa, na Bismillahi ni aya yake. Kama matamshi yamechakaa, usione haya, tafuta ustadhi wa watoto hapo mtaani mkae dakika kumi baada ya Magharibi. Mimi nilisahihishwa na binti wa miaka tisa, mwanangu mwenyewe, nilikuwa nasema dhaalin kama nasema dalili. Wakati unajifunza swali hivyohivyo, usisimamishe.

Tahiyatu kama umeisahau iandike kwenye karatasi uibandike ukutani ujikumbushe kabla hujaanza. Kunuti ya Alfajiri kwetu ni sunna, ukiisahau swala haivunjiki, unasujudu sijida mbili za kusahau kabla ya salamu. Na ukiswali msikiti wasiosoma kunuti, swali nao tu, usianzishe mjadala, we mwenyewe umerudi juzi.

Hatua ya 6: Akili inayorandaranda

Hapa ndo watu wanakata tamaa. Mtu anasema naswali lakini nawaza mahesabu, si bora niache tu kuliko unafiki. Hapana. Ukiwaza mahesabu ukiwa umesimama mbele ya Mola wako bado umetii ukasimama, aliyeacha anawaza mahesabu yaleyale akiwa amekaa.

Dawa iliyonisaidia ni kuijua Fatiha ni mazungumzo. Katika hadithi qudsi, ile Mtume anayoisimulia kutoka kwa Mola wake, Mwenyezi Mungu anasema nimeigawa swala baina yangu na mja wangu nusu kwa nusu. Mja akisema Alhamdulillahi Rabbil Aalamin, anajibu amenihimidi mja wangu. Arrahmanir Rahim, amenisifu mja wangu. Maliki yaumid din, amenitukuza mja wangu. Iyyaka naabudu wa iyyaka nastain, hili ni baina yangu na mja wangu, na mja wangu atapata alichoomba. Sasa ukishajua kuna anayejibu, utakimbilia wapi? Soma aya, nyamaza pumzi moja, soma nyingine. Fatiha iliyokuwa inanichukua sekunde nane sasa inafika nusu dakika, na mahesabu ya saruji yanapata nafasi ndogo ya kupenya. Hayaishi lakini.

Vingine vya kawaida: simu isiwe mfukoni hata kama umeizima sauti, maana inatetemeka na we unaanza kukisia ni nani. Choo kikikubana nenda kwanza. Chakula kimeandaliwa na una njaa, kula kwanza kama muda upo, hilo lina hadithi yake. Badilisha sura, usiswali na Kul Huwallahu mwaka mzima, maana ulimi ukizoea sana unasoma wenyewe na wewe haupo.

Hatua ya 7: Alfajiri

Hii inataka maelezo marefu maana ndo inayoangusha watu. Alfajiri haishindwi saa 11, inashindwa saa tano usiku. Ukiangalia mpira mpaka saa sita kasoro, ukachati mpaka saa saba, hakuna alamu itakayokuamsha, na ukiamka utakuwa umechukia. Mtume alikuwa hapendi kulala kabla ya Isha wala mazungumzo baada yake. Basi ukimaliza Isha funga siku, kama biashara inakubana jiwekee saa nne na nusu mwisho.

Simu iweke mbali na kitanda, kule mlangoni, ulazimike kuinuka kuizima. Ukishasimama usirudi kukaa, hata kwenye ukingo wa kitanda, huo ukingo umemeza Alfajiri zangu nyingi. Kuna hadithi kwamba shetani humfunga mtu aliyelala mafundo matatu kisogoni, ukiamka ukamtaja Mwenyezi Mungu linafunguka moja, ukitawadha la pili, ukiswali la tatu, unaamka mchangamfu. Kwa hiyo mpango ni huohuo: ukifumbua macho ulimi useme dua ya kuamka, miguu iende bombani. Maji ya baridi yanafanya kazi iliyobaki.

Tafuta mwenza. Sisi tupo watu wanne mtaani tunabipiana, anayeamka kwanza anabipi wengine, mlio mmoja anakata. Ambaye hajabipi nyuma ndani ya dakika tano anagongewa dirisha, na mkewe anajua ni sisi. Kama msikiti uko karibu nenda ukaswali jamaa, sio tu kwa thawabu mara 27, bali kwa sababu ukishavaa viatu huwezi kurudi kulala.

Hatua ya 8: Kazini na safarini

Kazini sema mapema, usitoroke. Nilipokuwa nimeajiriwa kabla sijafungua changu, nilikuwa nachomoka kimyakimya, bosi akawa anadhani navuta sigara. Siku nilipomwambia bosi wangu naomba dakika kumi Adhuhuri na kumi Alasiri nitafidia jioni, alikubali, ila akaniangalia kweli kama hizo dakika ni kumi. Basi ziwe kumi. Ukifanya nusu saa na stori za nje ya msikiti umemharibia na mwenzako atakayekuja kuomba kesho.

Safari ndefu, inayozidi kilomita 80 hivi na isiyo ya maasi, una ruhusa ya kupunguza za rakaa nne ziwe mbili ukishatoka nje ya mji wako, na kujumuisha Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha. Magharibi inabaki tatu, Alfajiri haipunguzwi wala haiunganishwi. Dar kwenda Morogoro unapunguza, Dar kwenda Bagamoyo hufiki kiwango. Ukijumuisha mwanzoni weka nia ya kujumuisha ndani ya ile swala ya kwanza. Kondakta akisema dakika 15 za chakula, rakaa mbili na mbili zinaingia na chipsi unapata. Maji hakuna kabisa, tayammamu kwa vumbi safi, pigo moja uso, pigo la pili mikono mpaka viwiko. Basi likigoma kusimama na muda unatoka, swali kwenye kiti ulivyo kwa kuheshimu wakati, ukifika uirudie.

Mgonjwa naye ana nafuu yake, wima, asipoweza kukaa, asipoweza kwa ubavu.

Hatua ya 9: Deni

Za nyuma zinalipwa, hivyo ndivyo wanavyosema wanazuoni wengi, Mashafii wakiwemo. Wapo wachache wanaosema aliyeacha kwa makusudi anatubu tu na kuzidisha sunna. Mimi nimeenda na wengi. Nilikaa na kikokotoo, miaka saba mara siku 365 mara tano, 12,775. Nikatoa Ramadhani saba, 1,050. Ikabaki 11,725. Nikataka kulia halafu nikacheka, kwa sababu dukani nina wateja wenye madeni ambayo ukiyatazama kwa jumla yanatisha, ila anayelipa kila wiki anamaliza na anayekimbia jumla anahama mtaa.

Utaratibu ni huu: kila faradhi ukishaswali, swali moja ya kulipa ya aina ileile, Adhuhuri na Adhuhuri. Kwangu hizo ni siku 2,345, miaka sita na miezi mitano hivi. Kwetu swala ya kulipa haina saa ya kukatazwa, ukipata nafasi saa nne asubuhi lipa mbili tatu. Kwa wanawake, siku za hedhi na nifasi (damu ya uzazi) hazihesabiwi, swala za siku hizo hazilipwi (saumu ndo inalipwa), kwa hiyo toeni kwanza ndo mzidishe. Kama huna uhakika wa miaka, kadiria mpaka moyo uridhike kwamba hupunji.

Nunua daftari la shilingi mia tano. Ukurasa wa kwanza jumla, kurasa zingine mistari mitano mitano kama ya kuhesabia matofali. Nimelipa 2,160 mpaka jana.

Ukiikosa tena

Utaikosa, andika ukutani. Usingizi utakupiga au utasahau. Hukumu yake Mtume ameshaisema, aliyelala au kusahau aiswali akikumbuka. Umeshtuka saa moja na nusu asubuhi, jua liko juu, aibu imekushika: usikae kitandani kujilaumu, usiseme leo imeshaharibika nitaanza upya kesho. Kabla ya chai, kabla ya kushika simu, bombani, udhu, rakaa mbili. Ikifika saa sita na nusu, Adhuhuri kama kawaida. Kama uliiacha kwa uzembe, ongeza toba, na jioni iandike kwenye daftari ukurasa wa mwisho pamoja na sababu, mpira, simu, uchovu. Baada ya mwezi soma huo ukurasa. Wangu ulikuwa na neno mpira mara tisa, nikajua pa kuanzia.